Zarina, Anasema Nini?

Jumatano, 5 Februari

Uji, kidonge cha presha, taarifa ya habari. Kisha kipindi cha mapishi cha yule mwanamke anayetia sukari katika kila kitu. Nimemgombeza mpaka mwisho. Hanisikii, lakini mimi napumua.

Mchana samaki wa nazi. Nimekula mbele ya televisheni kama kawaida yangu. Nilianza kutazama siku zile za televisheni ya mtaa, tukikaa mkekani watoto chungu nzima. Rangi zile sisi wa Unguja tuliziona wakati wenzetu wa bara hawajaona hata nyeusi na nyeupe. Tangu hapo sijashiba. Kila mtu na mapenzi yake, mimi yangu haya, na kebo yangu asiniguse mtu.

Alasiri akapanda Zarina, jirani yangu wa chini, shoga yangu tangu tuko na meno ya utoto. Chai, mkate wa kumimina, yeye kochi lake, mimi langu. Katikati ya matangazo sikuamini macho yangu. Sharda! Wanaurejesha mchezo wa Sharda, kuanzia Jumatatu, kila alasiri. Na umetiwa sauti za Kiswahili!

Nimepiga ukelele mpaka paka akakimbia. Mchezo ule tuliutazama zama za kanda za video. Zilikuwa zikitoka Dubai, Kihindi kitupu, hakuna hata maandishi chini. Sebule yangu hii ilijaa wanawake wa Mkunazini mpaka ngazini. Hakuna aliyejua neno, lakini tulikuwa na Zarina. Zarina ndiye Mhindi wetu. Alikaa mbele, sisi tukauliza, "Zarina, anasema nini?" na yeye akatwambia. Sharda akilia, Zarina anatwambia analilia nini, na sisi tunamfuata.

Nikamgeukia nimkumbatie. Alikuwa amekwisha kusimama, chai hajaimaliza. Akasema kichwa kinamgonga, akashuka kwake. Nadhani ni furaha.

Ijumaa, 7 Februari

Rahma kaja. Kaja na begi.

Ijumaa mwanangu huja na mumewe, tukala biriani. Leo kaja peke yake, macho yamevimba, na lile begi kubwa la harusini. Akakaa kwenye kochi la Zarina akasema, "Suleiman kaoa."

Kaoa Kendwa, huko anakofanya kazi hotelini. Si jana wala juzi. Huyo mke ana mimba. Mwanangu ameambiwa na mtu asiyemjua, sokoni Darajani, wakati anachagua muhogo.

Ni kijana yule yule aliyeingia hapa akainama kunibusu mkono. Nilimsifu kwa kila anayepita. Nilisema Mungu kanipa mtoto mwengine wa kiume.

Nikaongeza sauti ya televisheni.

Jumamosi, 8 Februari

Suleiman amepiga simu. "Shikamoo, mama." Mdomo ukaitika marahaba wenyewe. Ameomba radhi. Anataka mkewe arudi kabla ya Ramadhani, hawezi kufuturu peke yake. Kufuturu! Mwanamume ana wake wawili, analia hana wa kumpikia uji. Hata hivyo nilimwambia nitazungumza na Rahma.

Kwa sababu mimi yameshanifika. Marehemu Haroub alikuwa na mke Makunduchi. Nilipojua, Rahma alikuwa hajazaliwa, tunaye kaka yake tu, huyu aliyeko Maskati sasa, mchanga wa kubebwa. Nilifunga sanduku langu la bati lenye maua, niende kwetu Nungwi, nisirudi. Nikangoja jua lipoe. Na alasiri ile ndiyo ilikuwa zamu ya Sharda. Nikasema natazama hii ya mwisho, kisha naondoka.

Sharda naye siku ile kafunga sanduku! Prakash, mumewe, kaoa mji mwengine. Vile vile kama mimi. Akasimama mlangoni akasema maneno marefu, na Zarina akatufasiria, machozi yanamchirizika: "Anamwambia, nnakwenda kwa mama yako nikapumzishe moyo, lakini ntarudi. Nyumba hii nimeijenga mimi, simwachii mtu. Huko utachoka, na mimi utanikuta hapa hapa." Na ndivyo ilivyokwenda hadithi. Sharda alirejea, mume akamjengea nyumba nyingine, wakaishi.

Sebule nzima ililia. Mimi nikaingia chumbani nikafungua sanduku, nikatundika nguo zangu moja moja. Sijapata kumwambia mtu kwamba ni Sharda aliyenizuia. Lakini watoto wangu nimewalea kwa Sharda. Akivunjika moyo mtu katika nyumba hii anaambiwa, "Mtazame Sharda."

Na sasa Sharda anakuja kusema kwa Kiswahili, wiki hii hii. Rahma atamwona kwa macho yake na kumsikia kwa masikio yake. Sina haja ya kumhutubia. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Jumatatu, 10 Februari

Sehemu ya kwanza. Raha, na karaha kidogo.

Nilikuwa nimesahau alivyo mzuri yule mtoto. Ila hawa waliotia Kiswahili hawaijui kazi. Yule bibi mwenye mvi, bibi yake Sharda, aliyemlea tangu mama yake kufa, wao wamemfanya mpishi! Sharda anamwambia, "Lete chai, na upesi." Mtu anamwamrisha bibi yake hivyo? Nimechukia kweli. Rahma ameniuliza kama nina hakika ni bibi yake. Nina hakika kama ninavyolijua jina langu.

Zarina hakuja. Kapiga simu, goti linamuuma. Mwaka aliovunjika mguu alipanda ngazi zangu kwa makalio, asikose mchezo. Leo goti.

Jumanne, 11 Februari

Wameharibu tena. Eti Prakash mlevi.

Zarina alitwambia ana maradhi ya kichwa, ndiyo yanayomfanya ayumbe. Tulimwombea dua. Naikumbuka siku ile, chumba kizima cha wanawake, mikono juu, tunamwombea shifaa. Kama ni mlevi, basi tuliomba dua ya nini?

Hapana. Ni hawa wafasiri. Wamechukua vijana wasiojua kitu.

Nimempelekea Zarina supu. Ameipokea mlangoni, ameshukuru, hakunikaribisha ndani. Zarina! Ambaye hata akiwa na homa hunivuta mkono nikae kitandani kwake.

Alhamisi, 13 Februari

Rahma anatazama kwa bidii kuliko mimi. Anakaa chini, mgongo kwenye kochi, sahani mapajani. Begi lake bado halijapakuliwa, liko nyuma ya mlango. Kila siku anatoa nguo moja anavaa, nyingine haziguswi.

Lakini anacheka. Hajacheka tangu aje, na sasa anacheka kila ninaposema "sivyo." Leo nimesema "sivyo" mpaka koo limenikauka. Yule wa koti jeusi, daktari wa Prakash, wamemfanya wakili. Rahma ananiuliza, "Mama, daktari gani anakuja na mkoba wa makaratasi, hana hata kipimo shingoni?" Nikamwambia huko India madaktari ndivyo walivyo.

Nikajisikia nilivyosema. Nikaenda jikoni kutia tangawizi kwenye chai.

Jumapili, 16 Februari

Suleiman ameleta kikapu cha Ramadhani: tende, sukari, unga wa ngano, tambi. Vyote vizuri. Nimevipokea. Rahma hakutoka chumbani. Suleiman alipoondoka ndiyo akatoka, akakitazama kikapu kama kimejaa nyoka. "Nani kamwambia mimi ntarudi?"

Nikakibeba kikapu jikoni. Ni mimi niliyemwambia asubiri, mambo yatakaa sawa, nina dawa.

Baadaye tumekaa wawili mbele ya televisheni akaniuliza, "Mama, wewe na Baba, ulikuwa na raha?"

Nikamwambia anyamaze, tunatazama. Lilikuwa tangazo la sabuni.

Jumatatu, 17 Februari

Prakash ameoa. Sharda ameambiwa na mtu baki, barabarani. Rahma hakucheka leo. Aliiweka sahani chini akashika miguu yake kwa mikono miwili.

Kesho ndiyo siku ya mlango. Nimempigia Zarina, nimemwambia lazima aje, goti au si goti, tuitazame pamoja kama zamani. Akasema ana wageni. Nikamuuliza wageni gani, maana mlango wake nauona kutoka ngazini kwangu na hajaingia mtu. Akakata simu.

Amenikatia simu. Mimi.

Jumanne, 18 Februari

Kaondoka.

Sharda kaondoka.

Kasimama mlango ule ule, sari ile ile ya manjano, sanduku mkononi. Mdomo unacheza kama ulivyocheza siku ile, nakumbuka kila unavyofunguka. Na sauti ikatoka kwa Kiswahili changu mimi: "Usidhani nimeshindwa. Nakuacha kwa sababu sikutaki tena. Usinifuate." Akatoka. Hakugeuka nyuma. Mlango ukafungwa na muziki ukapigwa.

Nilisimama. Sijui nilisimama kwenda wapi. Rimoti ikaanguka, betri zikaingia chini ya kabati. Nikasema, "Sivyo." Rahma hakucheka.

Magharibi imeadhiniwa niko pale pale. Ameniletea maji, sikuyanywa.

Nilitundika nguo zangu siku ile. Moja moja. Nilizinyoosha mikunjo kwa kiganja.

Jumatano, 19 Februari

Nimetazama na tumaini dogo kwamba amekwenda kwa mama mkwe. Hakwenda kwa mama mkwe. Amepanga chumba, anafundisha skuli. Yule wa koti jeusi akaja na makaratasi, Sharda akatia saini huku analia. Zarina alitwambia zile ni karatasi za dawa. Ni talaka.

Kisha akatokea Mohan. Mohan alikuwa kaka yake Sharda wa tumbo moja, aliyepotea utotoni. Walipoonana tuliangua kilio mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa. Walipoanza kuimba mvuani, Bi Time, aliyekuwa akikaa nyumba ya pili, Mungu amrehemu, akauliza, "Mbona anamtazama kaka yake hivyo?" Zarina akamjibu, "Sisi Wahindi ndivyo tunavyowapenda ndugu zetu." Na tukaridhika! Wanawake wazima, wenye waume na watoto!

Mohan si kaka yake.

Rahma amecheka mpaka amelala sakafuni. Kisha nikaona mabega yanamtikisika na hacheki tena. Nikakaa naye chini. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyaweka kwa Sharda.

Wafasiri hawakukosea. Nadhani nilijua tangu yule daktari.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeshuka kwa Zarina. Goti zima kabisa. Nimemkuta amesimama juu ya kiti anafuta feni. Aliponiona akashuka, akakaa, akaweka kitambaa mapajani. Hakungoja nimuulize.

"Asha, mimi Kihindi sikijui."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Hakijui. Hajapata kukijua. Bibi yake alizaliwa hapa hapa Unguja. Kwao walisema Kiswahili, na Kikachi kidogo, lugha ya wazee wao, cha jikoni, cha kuitana kula. "Nlikuwa nnajua *nahi*, yaani hapana, basi." Siku ya kwanza tulikuwa watoto, tumepelekwa senema, mtu kwenye pazia akasema kitu na watoto wote wakamgeukia yeye: Zarina, anasema nini? Akaona haya kusema hajui. Akasema lililomjia. Tukashukuru. Mara ya pili hivyo hivyo. Baada ya hapo, anasema, angetokaje?

Nimekula naye sahani moja maisha yangu yote. Najua anapenda chumvi kiasi gani, najua anaota nini. Wala mimi wala mtu yeyote Mkunazini hakupata kumuuliza kama anakijua Kihindi. Tulimtazama uso tukaona inatosha.

Hilo peke yake, wallahi, ningelicheka. Ningekwenda kumhadithia kila mtu. Lakini nikamuuliza siku ya sanduku.

Akakikunja kile kitambaa. Kisha akasema alikuwa akienda kunawa, mlango wa chumba changu uko wazi, akaliona sanduku limefungwa kwa kamba. Akarudi kukaa mbele. Sharda akafika mlangoni na sebule nzima ikamuuliza. "Nlijua anaondoka. Mwenye macho alikuwa anaona anaondoka. Lakini nikakuona na wewe umekaa ukingoni mwa kochi, umeshavaa buibui. Nkasema, huyu akenda Nungwi, mimi ntabaki na nani?"

Hakusema alifanya kwa ajili yangu. Hakusema alitaka kuiokoa ndoa yangu. Ntabaki na nani, basi.

Nimetoka. Mlango nimeuacha wazi, makusudi, apigwe na vumbi.

Ijumaa, 21 Februari

Nina hasira mpaka mikono inaniuma.

Nimemsomea Haroub Kurani asubuhi kama kila Ijumaa, katikati nikasahau niko wapi, nikaanza tena. Alinipa mashaka yule mtu. Alinikanda miguu pia, siku za homa. Sijui niandike lipi kwanza.

Nimemwambia Rahma yote. Sanduku, mlango wazi, Zarina. Nilidhani atashuka akamtukane. Alikaa muda mrefu akikuna ukucha wa kidole gumba, kama baba yake. Kisha akasema, "Ungeondoka siku ile, mimi nisingezaliwa."

Sikulifikiria. Usiku na mchana nimelipiga hesabu jambo hili kila upande na hilo sikuliona. Nimemtazama mwanangu, pua yake, shungi lake limekaa upande. Nimeshindwa hata kukasirika sawasawa. Nikishika huku, kuna Rahma. Nikishika kule, kuna Rahma vile vile.

Jumamosi, 22 Februari

Nimemwita Kombo, fundi wa kebo, aje akate.

Alidhani nataka kuhamisha kochi, anisogezee waya. Nikamwambia akate, aondoke nao. Mimi ndiye ninayempigia picha ikiganda hata kidogo, mimi niliyemtoa msibani mara moja kwa sababu ya fainali ya mashindano ya kuimba. Akauliza kama naumwa.

Amekuja. Amepanda juu. Nimesimama dirishani namtazama anauvuta ule waya mweusi, unashuka ukutani na utando wake wa buibui. Hapo nikakumbuka siku ulipoingia. Haroub kaja na fundi, kafurahi kupita kiasi, "Asha, nimekutilia kebo, chaneli mpaka utachoka!" Nilimkumbatia mbele ya fundi. Wiki ile ile, nilikuja kujua, alizaliwa mtoto wake wa mwisho Makunduchi.

Nikaanza kurudi nyuma, mwaka kwa mwaka. Deki ya video ililetwa mwaka alioniolea mke mwenzangu. Ile antena ndefu, mwaka wa mtoto wao wa kwanza. Televisheni kubwa, alipomaliza nyumba yao. Kila alichowapa kule, mimi alinipa cha kutazama. Vyote viko hapa sebuleni mwangu, nimevifuta vumbi kila asubuhi, na sijapata kuviona.

Nimekaa sakafuni. Kombo alishuka akanikuta hivyo, akaomba radhi, maskini, akadhani ni yeye.

Sasa kimya. Nasikia sufuria za watu. Nasikia mtu wa chini anakohoa na najua ni Zarina. Baada ya Alasiri mkono wangu ulikwenda mapajani kutafuta rimoti. Ulikwenda tena. Nimeshtuka kwa namna alasiri ilivyo ndefu. Ilikuwa hivi siku zote?

Jumatatu, 24 Februari

Kila mtu yuko kwenye vunjajungu, watu wanakula kuaga mchana. Harufu ya kuku wa kuchoma mtaa mzima. Suleiman amepiga simu tena. Anakuja Alhamisi kumchukua mkewe. Kumchukua, amesema, kama mzigo uliokwisha kulipiwa bandarini.

Rahma alikuwa anasikiliza. Nilipoweka simu akaja akakaa mbele yangu, si upande, mbele, pale ninapoelekea siku zote. Ameiziba televisheni.

"Mama. Nirudi au nisirudi?"

Mara ngapi nimeulizwa kitu katika nyumba hii nikasema mtazame Sharda. Nimejisikia kama mtu aliyeingia dukani bila ya mfuko. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nikamwambia baba yake hakuwa mtu mbaya. Kwamba usiku aliokuwa kule niliacha picha inasema peke yake mpaka nikalala kochini. Kwamba kuna siku nilicheka naye mpaka tumbo likaniuma, na siku nyingine nilimwona anavaa kanzu safi ya kwenda Makunduchi nikatamani ngazi zimteleze.

"Nlikuuliza kama ulikuwa na raha," akasema.

"Nlikuwa na televisheni," nikamjibu.

Tumetazamana. Hakuna aliyecheka.

Nikamwambia chumba ni chake, hata akitaka kuzeekea humo. Akirudi, arudi kwa miguu yake, na kikapu cha watu nitakirudisha mimi mwenyewe. Akasema Alhamisi atashuka uani kuzungumza na mumewe. Peke yake. Nisishuke.

Alhamisi, 27 Februari

Suleiman alikuja baada ya Alasiri. Rahma akashuka uani. Mimi nikakaa kwenye kochi la dirishani, nikageuza uso nisione, nikaurudisha tena.

Hodi. Zarina. Amepanda na sahani ya badia, amesimama mlangoni, hajui aingie. Nimemwacha asimame. Nilitaka asimame zaidi. Kisha nikachoka, nikasema karibu. Akakaa kochi lake. Akaitazama televisheni haina waya, akanitazama mimi, hakuuliza.

Kutoka dirishani kwangu uani panaonekana pote, lakini hapasikiki, na leo pampu ya maji ya jirani ilikuwa inanguruma. Tukaona. Suleiman anasema, mikono inakwenda huku na huku. Anavua kofia, anaivaa. Rahma amesimama penye kamba ya nguo, ameshika kibanio, anakifungua na kukifunga. Kisha akasema kitu. Kirefu kidogo. Suleiman akateremsha mikono.

Zarina akasogea mbele, ukingoni mwa kochi. Mdomo ukamfunguka wenyewe. "Anamwambia—"

Nikamwekea mkono kwenye goti.

"Wacha, shoga. Mwache aseme mwenyewe."

Akafunga mdomo. Hakuondoa goti, na mimi sikuondoa mkono. Tumetazama hivyo mpaka mwisho, bila ya mtu kutwambia lolote. Sijapata kutazama kitu kwa namna ile.

Suleiman alitoka peke yake kwa mlango mkubwa. Kikapu alikuwa nacho, nilikishusha uani mwenyewe asubuhi. Rahma alibaki. Akaanua nguo, zangu na zake, akazikunja juu ya bega, hakuacha hata moja. Kisha tukamsikia anapanda ngazi. Nikamimina chai vikombe vitatu.

Ameingia, ameweka nguo juu ya televisheni, amekaa chini. Akasema, "Sirudi, Mama. Nimemwambia anipe talaka yangu."

Zarina akalia. Mimi nikampa Rahma badia, ilikuwa bado ya moto.

Magharibi nimepita mlangoni kwake. Begi liko wazi kitandani, anatundika nguo. Nimemwona ananyoosha mikunjo kwa kiganja. Nimepita polepole.

Kesho jioni tunapanda juu ya paa, sisi watatu, kuangalia mwezi. Zarina amesema macho yake bado yanaona mbali, ukiandama atatwambia. Nimemwambia kila mtu atatazama mwenyewe.